Maji Kwanza, Pomadi Baadaye

Akina mama wengi wa Kongo hupika sabuni nyumbani kwa mafuta ya mawese na soda kali. Ni kazi nzuri, nayo husaidia kulipa shule ya watoto. Lakini soda ikimrukia mtu mkononi au usoni, jirani mmoja hukimbilia mawese, mwingine dawa ya meno, mwingine pomadi ya dukani. Wote wana huruma, walakini wanamchelewesha.

Sababu ni nini? Ngozi ya mtu ina mafuta. Soda hufanya nayo kama ifanyavyo na mawese ndani ya sufuria: huyageuza kuwa sabuni. Ngozi hulainika na kuteleza, na soda huendelea kushuka ndani, hata kama maumivu si makali mwanzoni. Maji ya betri hufanya vingine. Mara nyingi hukausha ngozi ya juu ikawa kama gamba. Lakini msaada wa kwanza ni ule ule.

Vua nguo zilizolowa, pamoja na pete na bangili. Kama ni soda ya unga, au chokaa ambayo haijazimwa, ikung'ute kwanza ingali kavu. Kisha mimina maji safi mahali palipoungua, yatiririke na kwenda zake, dakika 20 kwa uchache; kwa soda, hata saa nzima si nyingi. Kutia mkono katika beseni hakutoshi, maana soda hubaki majini. Usitie siki wala ndimu ukidhani zitaiua: zikikutana na soda hutoa joto. Ikiingia jichoni, shika kope wazi ukaoshe papo hapo, maana jicho laweza kupofuka kabla ya kufika hospitali.

Je, pomadi haina kazi? Inayo, lakini saa yake bado. Mganga wa hospitali atapima kwanza jinsi kidonda kilivyoingia ndani. Iko pomadi nyeupe yenye madini ya fedha, iitwayo sulfadiazini ya fedha, iliyoanza kujulikana Marekani mwaka 1968. Huzuia vijidudu katika kidonda kikubwa. Walakini haipakwi mtoto wa chini ya miezi 2 wala mama aliyekaribia kuzaa, na kidonda chepesi chaweza kukawia kupona kwa ajili yake. Basi usiazime ya jirani.

Kidonda kilicho cheupe au cheusi, kisichouma kikiguswa, kisikudanganye: kimekwenda ndani sana, na huenda kikahitaji kupandikizwa ngozi. Njoo siku ile ile. Lete na kopo la soda au chupa, imefungwa vizuri, tujue ni kitu gani kilichokuunguza.