Jikoni, Neno Huja na Kazi Yake

Mtoto hajifunzi lugha kwa kumiminiwa maneno tu. Mwaka 1986 mwanasaikolojia Michael Tomasello na mwenzake Farrar walionyesha kuwa mtoto mdogo hushika zaidi jina la kitu ambacho tayari anakitazama kuliko kile anachovutwa akitazame. Jikoni hali hiyo huja bila kutengenezwa: nazi imo mkononi, naye anaambiwa aikune. Kisha husikia: mchele uchambue, kitunguu kimenye, maharage yaoshe. Kila kitu kinabadili kiambishi ndani ya kitenzi, na upatanisho wa ngeli, unaowatoa jasho wanafunzi wakubwa, unamwingia akiwa na kitu chenyewe mikononi.

Mapishi pia yana mpangilio usiokubali kuvurugwa. Tui jepesi hutangulia, tui zito huja mwisho. Ukilitia mapema na kuliacha lichemke sana, litakatika. Katika sentensi hiyo moja mna sharti, wakati na matokeo, na mtoto huyaona matokeo sufuriani. Mwanasaikolojia Jerome Bruner alisisitiza kwamba shughuli inayorudiwarudiwa humwezesha mtoto kubashiri kinachofuata, hata siku moja akatamka sehemu yake kabla ya kuulizwa. Humo humo anajifunza kupima, kusubiri zamu, na kunawa kabla ya kugusa chakula.

Wapo watakaosema jiko ni hatari. Ni kweli, moto na kisu vina umri wake. Lakini kuchambua mchele, kuosha mboga na kuhesabu viazi havihitaji moto. Wengine wanahofia kuwa kazi hii itawaangukia wasichana, wakose muda wa kusoma. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni kumwita mvulana naye, na kumpa kila mtoto kazi inayolingana na umri, isiyogusa saa za masomo. Pingamizi zito zaidi ni kwamba watoto wengi wamekulia jikoni bila lugha yao kupanuka. Hapo kosa ni la mazungumzo: anayesikia "lete", "toa" na "ondoka" pekee anafunzwa kutii. Anayeulizwa kwa nini wali umeshika chini, na kipi kifanyike kesho, analazimika kutafuta maneno ya kueleza sababu. Mzazi mwenye haraka anaweza kuanza na swali moja tu la aina hiyo, kisha akasubiri jibu.