Tusiwanyime Wanafunzi Usingizi Wao

Katika shule nyingi za bweni humu nchini, kengele ya kuamka hulia kabla ya jogoo kuwika. Saa kumi alfajiri, na kwingine mapema zaidi, watoto huamshwa wakimbilie madarasani kwa masomo ya alfajiri, ilhali usiku uliotangulia taa za madarasa hayo hayo zilizimwa saa nne au saa tano. Mwalimu anayeingia darasani saa nane mchana huwakuta wengine wamelaza vichwa juu ya madawati, na dawa ya kwanza inayomjia akilini ni kuwasimamisha nyuma ya darasa. Ni nadra kusikia akiuliza: watoto hawa walipanda kitandani saa ngapi, na usingizi wenyewe uliwajia saa ngapi?

Swali hilo la pili ndilo linalostahili kutafakariwa na walimu na wanafunzi pia, kwa maana tumezoea kudhani kwamba usingizi ni jambo la kuamrishwa. Kengele hugongwa, taa zikazimwa, nasi tukaridhika kwamba shule imelala. Lakini mtu huweza kuamrishwa kupanda kitandani. Kusinzia hakuna amri yake. Usingizi hutayarishwa tangu asubuhi, na mambo ya jioni ndiyo huamua kama utakuja mapema au utachelewa.

Wataalamu hutueleza kwamba ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho mawili inapopishana, mna kijisehemu kidogo mno kinachofanya kazi kama saa. Hicho ndicho huujulisha mwili wakati wa kuchangamka na wakati wa kupumzika. La ajabu ni kwamba saa hiyo, kwa watu walio wengi, huchelewa kidogo. Utafiti wa Charles Czeisler na wenzake wa Marekani, uliochapishwa mwaka 1999, ulionyesha kwamba mzunguko wake huchukua muda wa saa 24 na dakika zipatazo 11 kwa wastani. Ingeachwa ijiendee yenyewe, mtu angezidi kuchelewa kulala kila uchao. Kinachoirekebisha kila siku ni mwanga. Mwanga wa asubuhi huiharakisha, na mwanga wa usiku huichelewesha.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba kazi ya jicho ni kuona tu. Kisha mwaka 2002 David Berson na wenzake wakathibitisha kwamba nyuma ya jicho mna chembe maalumu ambazo kazi yake kubwa ni kuupelekea ubongo habari kwamba kumekucha au kumekuchwa. Chembe hizo husisimuliwa zaidi na mwanga wa rangi ya samawati, ile rangi ya anga ya mchana. Giza linapoingia, tezi ndogo iliyomo ubongoni huanza kutoa kemikali iitwayo melatonini, ambayo ni kama mpiga mbiu anayeutangazia mwili kwamba usiku umeingia. Mwanga mkali ukiwaka wakati huo, mpiga mbiu huyo hunyamazishwa. Macho yanaona taa, ubongo unadhani jua halijatua.

Sisi tunaokaa kwenye Ikweta tumejaliwa jambo ambalo mataifa mengine hayana. Jijini Nairobi jua huchwa kama saa kumi na mbili unusu jioni mwaka mzima, na tofauti ya mwezi hadi mwezi ni dakika chache. Mkazi wa kaskazini mwa Ulaya hana budi kufunga mapazia mazito wakati wa kiangazi, kwa kuwa jua kwao hukawia kutua hata saa nne za usiku. Kwetu sisi, usiku huja kwa wakati wake. Tunaoukataa ni sisi wenyewe kwa taa zetu.

Si nia yangu kuukashifu umeme. Kulingana na sensa ya mwaka 2019, yapata nusu ya kaya nchini hutumia umeme wa gridi kwa mwangaza, na karibu kaya moja katika kila tano hutumia umeme wa jua. Haya ni maendeleo ya kujivunia. Mtoto aliyekuwa akisoma kwa koroboi huku moshi ukimuumiza macho na kifua hawezi kuambiwa arudi huko kwa sababu ya usingizi. Hata hivyo, koroboi ilikuwa na mwanga hafifu wa manjano ambao haukuutatiza sana mwili, na mafuta yalipokwisha, kisomo nacho kilikwisha. Taa nyeupe za siku hizi hazichoki wala haziishiwi. Kwa hivyo kiasi kilichokuwa kikitiwa na uhaba sharti sasa kitiwe na busara.

Mwaka 2013, Kenneth Wright wa Chuo Kikuu cha Colorado nchini Marekani alichapisha matokeo ya jaribio moja la kuvutia. Watu wanane walipiga kambi milimani kwa muda wa wiki moja bila taa za umeme, bila tochi, bila simu. Mchana walikuwa na jua, na usiku walikuwa na moto wa kuota. Mwisho wa wiki hiyo, saa za miili yao zilikuwa zimesogea mapema kwa kiasi cha saa mbili. Hawakumeza dawa yoyote. Walichofanya ni kupata mwanga mwingi mchana na mchache usiku.

Hata hivyo, tusikimbilie kusema kwamba giza pekee latosha. Mwaka 2015 kundi la watafiti wakiongozwa na Jerome Siegel lilitangaza habari za Wahadzabe wa Tanzania, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, jamii ambazo watu wake waliochunguzwa waliishi bila umeme. Watu wazima hao hawakulala jua lilipozama. Kwa wastani walikaa zaidi ya saa tatu, wakizungumza na kufanya shughuli zao, ndipo wakalala. Lakini malalamiko ya kukosa usingizi yalikuwa machache mno miongoni mwao. Siku yao ilikuwa na mpango: mchana walikuwa nje juani, jioni yao ilikuwa na mwanga wa moto tu, na usingizi ulifuata kadiri baridi ya usiku ilivyozidi. Jioni ya utulivu ndiyo daraja la kumvusha mtu kutoka shughuli hadi usingizi.

Sasa tutazame jioni ya mwanafunzi wetu. Aliye bweni hukaa chini ya taa kali hadi dakika ya mwisho, akikokotoa hesabu, kisha anatarajiwa kusinzia papo hapo kengele inapolia. Anayesomea nyumbani hufika akiwa amechoka, akateka maji, akasaidia jikoni, kisha akashika vitabu usiku ukiwa umekwenda. Baada ya vitabu huja simu ya mkononi. Katika utafiti wa Anne-Marie Chang na wenzake mjini Boston, uliochapishwa mwaka 2014, vijana kumi na wawili walisoma kwa saa nne kila jioni, siku tano kwa kitabu cha karatasi na siku tano kwa kioo chenye mwanga. Waliposoma kwenye kioo walichukua takribani dakika kumi zaidi kupata usingizi, melatonini yao ilichelewa kwa muda wa saa moja na nusu, na asubuhi walikuwa wazito kuchangamka. Dakika kumi si nyingi, lakini saa ya mwili iliyochelewa kiasi hicho huanza kuonekana athari yake kengele inapolia siku inayofuata. Isitoshe, wale walikuwa wakisoma tu. Kijana wetu husoma ujumbe wa marafiki, akacheka, akakasirika, akasubiri ajibiwe. Moyo uliochangamka haulali hata taa ikizimwa.

Pana pia habari ya chai na kahawa. Kadiri tunavyokaa macho, kemikali fulani hujilimbikiza ubongoni na kututia uzito wa usingizi. Kafeini iliyomo katika vinywaji hivyo huizuia kemikali hiyo isitambuliwe na ubongo. Uchovu unabaki pale pale, ila mwenyewe hauhisi. Mtu mzima huchukua yapata saa tano kupunguza nusu tu ya kafeini aliyokunywa. Basi mwanafunzi anayekunywa kahawa nzito saa mbili usiku ili akeshe, bado ana nusu yake mwilini saa saba za usiku, wakati ambapo ametupa kalamu na anaubembeleza usingizi usije.

Juu ya hayo, kuna umri wenyewe. Uchunguzi wa miongo mingi, hasa wa Mary Carskadon wa Chuo Kikuu cha Brown, umeonyesha kwamba mtoto anapobaleghe saa ya mwili wake huchelewa zaidi. Kijana wa miaka kumi na sita asiyepata usingizi mapema kama mdogo wake wa miaka tisa hafanyi ukaidi, ndivyo alivyoumbwa. Hata hivyo bado anahitaji kulala sana. Chama cha wataalamu wa tiba ya usingizi cha Marekani kilipendekeza mwaka 2016 kwamba vijana wa kati ya miaka 13 na 18 walale saa nane hadi kumi kila siku. Jimbo la California lilizingatia maarifa ya aina hii lilipopitisha sheria mwaka 2019, ambayo ilianza kutumika mwaka 2022, kwamba shule za upili kwa jumla zisianze masomo kabla ya saa mbili unusu asubuhi.

Sisi hatuna haja ya kwenda California kutafuta sheria. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zimeweka masomo rasmi kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa unusu alasiri. Kwa shule za bweni, zimetenga saa moja unusu hadi saa tatu unusu usiku kuwa wakati wa kujisomea, na kutoka hapo hadi saa kumi na mbili asubuhi kuwa wakati wa kulala. Hizo ni saa nane na nusu. Aliyeziandika alimpa mtoto haki yake kamili. Ni nani basi aliyetupa ruhusa ya kumega saa tatu au nne katika haki hiyo?

Najua jibu la walimu wenzangu. Mtaala ni mpana, wazazi wanataka alama, na shule jirani imekwisha kuamka. Hoja hizi si za kupuuzwa. Lakini wakati wa usingizi ndipo ubongo huyapanga na kuyaimarisha yaliyosomwa mchana. Anayemwamsha mtoto saa kumi ili amfundishe zaidi ni kama mkulima anayefukua mbegu alizopanda jana ili apate nafasi ya kupanda nyingine. Haraka haraka haina baraka.

Yapo mambo yasiyohitaji fedha wala agizo jipya kutoka wizarani. Saa zilizowekwa mwaka 2015 zifuatwe. Nusu saa ya mwisho kabla ya kulala iwe ya kuoga, kupanga vitabu na mazungumzo ya upole, na taa za mabwenini ziwe za manjano na hafifu. Gwaride na mapumziko ya asubuhi yafanyike nje, kwa maana hata siku ya mawingu mwanga wa nje hushinda wa darasani kwa makumi ya mara. Nawe mwanafunzi, amka saa ile ile hata Jumamosi, maliza chai yako alasiri, na uiweke simu mbali na kitanda. Ukikosa usingizi usiku mmoja usitaharuki. Hofu ya kutolala nayo hufukuza usingizi.

Na siku mwalimu atakapomkuta mtoto amelala juu ya dawati, kabla ya kumsimamisha, aitazame kwanza ratiba iliyobandikwa ukutani. Huenda kosa limeandikwa pale, tena kwa mkono wa mtu mzima.