Kapsuli za manukato: plastiki yatafutiwa mrithi

Shati lililofuliwa wiki iliyopita hutoa harufu nzuri pale unapolivaa, na hilo si bahati. Viwanda hufungia manukato ndani ya kapsuli zisizoonekana kwa macho, ambazo hunasa kwenye nyuzi na kupasuka zikisuguliwa. Kwa miaka mingi ganda lake limekuwa plastiki ya melamini na fomaldehaidi: jembamba, imara, halivuji. Wala haliozi.

Hapo ndipo biashara ilipotikisika. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2023/2055 inabana plastiki ndogo zinazotiwa kwa makusudi katika bidhaa. Kapsuli za manukato zimepewa muda hadi Oktoba 17, 2029. Ganda lililothibitishwa kuoza limeachwa huru. Kampuni za manukato Givaudan, dsm-firmenich, Symrise na wenzao sasa wanashindana kulipata.

Ajabu ni kwamba njia mojawapo ni ya zamani. Miaka ya 1950 kampuni ya NCR ya Marekani ilifunga rangi kwa jelatini na gundi ya mgunga, ikauza karatasi ya kunakili isiyohitaji kaboni. Mafuta hukorogwa majini yakawa matone, asidi huongezwa, kisha jelatini na gundi hushikana na kuyazingira.

Ila ganda hilo hufyonza maji na kuvimba, na sabuni huvuta manukato taratibu chupa ikiwa bado dukani. Ndiyo maana watafiti huotesha madini juu yake, kama fosfati ya kalsiamu, kabonati ya kalsiamu au silika, yazibe vitundu na kulikaza, mfano wa lipu juu ya ukuta wa udongo. Yakizidi, ganda huwa kavu na kuvunjika kwenye mashine ya kuchanganyia.

Tena kuna jambo ambalo matangazo hayasemi: dawa nyingi za kulainisha nguo zina asidi, na kabonati huyeyuka katika asidi. Kwa bidhaa hizo, naona silika ina nafasi kubwa zaidi.

Na gundi ya mgunga inayojenga ganda hilo hutoka kwetu Afrika. Sudan ndiyo mzalishaji mkubwa, na vita vilivyoanza Aprili 2023 vimewatia wanunuzi hofu. Turkana, Samburu na Isiolo nchini Kenya nako hugemwa. Wafanyabiashara wa huko waanze sasa kusafisha gundi, kuitenga kwa madaraja na kuipima maabara, kwa sababu kiwanda cha kapsuli hakinunui gundi ambayo kila gunia lina tabia yake.