Wauza vichujio vya damu watangulia

Sepsisi, yaani mwili kujishambulia wenyewe kwa sababu ya maambukizi, imekuwa kaburi la mitaji ya kampuni za dawa. Eli Lilly ya Marekani ilianza kuuza Xigris mwaka 2001 kwa karibu dola 6,800 kwa mgonjwa mmoja. Oktoba 2011 iliiondoa sokoni, baada ya jaribio jipya kuonyesha kwamba haipunguzi vifo. Si kwamba wagonjwa ni haba: mwaka 2017 pekee duniani walikadiriwa kuwa milioni 48.9, na milioni 11 walifariki.

Wengine wana wazo jingine: kuinasa sumu ya bakteria ikiwa bado inazunguka kwenye damu. Mkongwe wao ni Toray, kampuni ya Japani iliyojijengea jina kwa nyuzi za nguo. Toraymyxin yake ni silinda yenye nyuzi zilizofungamanishwa na polimiksini B, antibiotiki inayong'ang'ania sumu ya bakteria. Damu hutolewa mwilini, hupitishwa humo, kisha hurudishwa. Bima ya afya ya Japani huilipia tangu 1994. CytoSorbents ya New Jersey hutumia shanga ndogo za polima zenye vitundu, zinazonasa hasa kemikali za uvimbe za mwili wenyewe, na ilipata kibali cha Ulaya mwaka 2011.

Wametangulia, lakini si kwa ushahidi. Vichujio husajiliwa kama vifaa tiba, na mlango wa vifaa Ulaya ulikuwa mpana kuliko ule wa dawa. Jaribio la Toraymyxin kwa wagonjwa 450 wa Marekani na Kanada, lililochapishwa 2018, halikuonyesha kuwa vifo vilipungua.

Mimi naona mali halisi iko kwenye sindano, yaani mitego ya sumu inayodungwa mwilini. Mwaka 2013 timu ya Liangfang Zhang, Chuo Kikuu cha California, San Diego, ilieleza chembe ndogo mno za polima zilizovikwa utando wa seli nyekundu za damu. Sumu inayotoboa seli huziparamia, ikidhani imepata windo. Kampuni ya Cellics inaliendeleza wazo hilo. Combioxin ya Geneva iliendeleza CAL02, vifuko vya mafuta vyenye kazi kama hiyo. Jaribio la kwanza la CAL02 kwa binadamu, lililochapishwa 2019, lilikuwa na wagonjwa 19 tu.

Kichujio kinadai mashine, mrija kwenye mshipa mkubwa na wauguzi waliobobea, ilhali takriban asilimia 85 ya wagonjwa wa sepsisi wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, zetu zikiwemo. Sindano ingefika hata hospitali ya wilaya. Nani atailipia? Historia haitii moyo: kampuni ya Achaogen ilipata kibali cha antibiotiki yake Juni 2018. Aprili 2019, mauzo yakiwa haba, ikaomba ulinzi wa kufilisika. Uingereza imejaribu dawa ya tatizo hilo: tangu 2022 hulipa ada ya mwaka isiyotegemea dozi zilizotumika. Zilizoanza kulipiwa hivyo ni antibiotiki mbili. Lakini mitego ya sumu haiui bakteria, na haijulikani kama nayo ingelipiwa hivyo.