Hati ikichelewa, rufaa ya uchaguzi hufa

Mfanyabiashara anayepitisha mzigo Malaba au Busia anaijua adhabu ya kuchelewa. Kontena likikaa bandarini Mombasa kupita siku zilizoruhusiwa, gharama za kulihifadhi huanza kuhesabiwa. Inauma, lakini ukilipa, mzigo unatoka.

Kwenye rufaa za kesi za uchaguzi hakuna faini ya kukuokoa hivyo. Hati ikipita siku zake, majaji wanaweza kuifuta rufaa yote kabla ya kuuliza kura zilihesabiwa vipi.

Nchini Uganda, asiyeridhika na hukumu ya Mahakama Kuu kuhusu kiti cha ubunge hutoa taarifa ya rufaa kwa mdomo hukumu inaposomwa, au kwa maandishi ndani ya siku 7. Akiandika, anapewa siku 7 nyingine kuwasilisha sababu za rufaa, kisha siku 30 kuleta kumbukumbu kamili za kesi. Mahakama ya Rufaa ikishaamua, hakuna pengine pa kwenda.

Nchini Kenya, rufaa hiyo hufunguliwa ndani ya siku 30 tangu hukumu, na Mahakama ya Rufaa ina miezi 6 ya kuimaliza.

Sababu ya ukali huo inaeleweka. Muhula ni miaka 5 katika nchi zote mbili. Kesi ikiburutwa, mtu asiyechaguliwa kihalali anaweza kumaliza muhula mzima akila mshahara wa umma.

Lakini siku 30 ni chache. Mwenendo wa kesi lazima uchapwe, nakala zithibitishwe na mahakama, na wakili alipwe. Hapo ndipo wengi hukwama.

Nicholas Salat, aliyewania useneta wa Bomet mwaka 2013, aliyaonja hayo. Hati yake ya rufaa iliingia Mahakama ya Juu ya Kenya ikiwa imechelewa, naye akaomba aongezewe muda. Julai 2014 majaji walimkatalia. Walisema nyongeza ya muda si haki ya mtu. Anayeiomba lazima aeleze vya kutosha kwa nini alichelewa. Hati iliyoingizwa nje ya muda bila ruhusa, walisema, haina uzito wowote kisheria. Msimamo huo sasa hutajwa hata katika kesi za ardhi na madai ya kawaida.

Kwa nini jambo hili limhusu mwenye duka mpakani? Nchini Kenya, ada za soko na leseni za biashara hupangwa na serikali ya kaunti na kupitishwa na bunge lake. Rufaa ya kiti cha gavana ikifutwa kwa kuchelewa, atakayekutoza ada hizo atabaki ofisini, na swali la kama alishinda kihalali halitajibiwa kamwe.

Kwa hiyo anayeshindwa Mahakama Kuu aombe nakala za mwenendo na hukumu siku ileile, kwa barua, abaki na nakala yenye muhuri wa mahakama. Akiona siku zinamwishia, aombe nyongeza kabla ya kuwasilisha hati, si baada. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.