CHANJO KWA MABINTI ZETU: TUAMUE KWA ELIMU, SI KWA UVUMI

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba wake.

Katika toleo hili tumeona tuzungumzie jambo linaloleta minong'ono majumbani kila wahudumu wa afya wanapofika mashuleni, nalo ni chanjo ya kumkinga msichana na saratani ya mlango wa kizazi. Wapo wazazi hapa Kamanga wanaowazuia mabinti zao kwenda shule siku hiyo. Hatuandiki kuwalaumu, bali tutazame pamoja hofu hizo zina uzito gani.

UGONJWA WENYEWE

Miongoni mwa saratani zote, hii ndiyo inayoua wanawake wengi zaidi Tanzania. Husababishwa na kirusi kiitwacho HPV, ambacho huenea kwa kujamiiana. Mara nyingi mwili hukishinda wenyewe. Kisiposhindwa, hukaa kimya hata miaka 10 au 20, ndipo mwanamke aanze kutokwa na damu isiyo ya hedhi. Wengi hufika hospitali, kama Bugando kule ng'ambo Mwanza, ugonjwa ukiwa umeshakomaa.

CHANJO

Chanjo hii haina kirusi hai. Ni mfano wa ganda lake tu, ambao huufundisha mwili kumtambua adui kabla hajaja. Ndiyo maana hutolewa mapema, kwani haitibu aliyekwisha kuambukizwa. Nchini kwetu ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, kwa dozi mbili. Kuanzia Aprili 2024 imekuwa dozi moja, na kampeni ya mwezi huo iliwahusu wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Wengine huuliza, kwa nini dozi zimepunguzwa? Jibu limetoka hapa hapa kwetu. Mwaka 2017 ulianza utafiti jijini Mwanza uliowahusisha wasichana 930. Baada ya miaka miwili, zaidi ya 9 kati ya kila 10 waliopata dozi moja walikuwa bado na kinga.

HOFU TATU

Ya kwanza: "Binti yangu ametunzwa, chanjo ya nini?" Hofu hii tunaiheshimu, maana imetokana na kuchunga heshima. Lakini tuangalie mbele. Binti huyo, inshaallah, ataolewa. Huenda mumewe alikwisha kuoa kabla yake, au ni mjane, au alikuwa na maisha asiyoyasema. Anaweza kubeba kirusi bila kujua, kwani hakina dalili. Hivyo mwanamke asiyemjua mwanamume mwingine zaidi ya mumewe anaweza kuupata ugonjwa huu ndani ya ndoa ya halali. Basi msichana aliyetunzwa naye anaihitaji chanjo. Wala chanjo si ruhusa ya zinaa. Zinaa ni haramu kabla ya sindano na baada yake, na sindano hii haizuii UKIMWI wala mimba.

Ya pili: "Inaleta ugumba." Chanjo hii inatumika duniani tangu mwaka 2006, na mamilioni wamechanjwa bila ugumba huo kuonekana. Kinachoharibu kizazi ni saratani yenyewe, kwani tiba yake mara nyingi ni kukiondoa au kuchomwa mionzi. Uvumi kama huu umewahi kuwaumiza Waislamu wenzetu. Mwaka 2003 jimbo la Kano, Nigeria, lilisimamisha chanjo ya polio kwa hofu ya ugumba. Polio ikasambaa hadi Yemen na Indonesia, na watoto wakapooza. Kano ilirejesha chanjo mwaka 2004.

Ya tatu: "Ni kukosa tawakkul." Mtume (S.A.W.) alimwelekeza bedui amfunge ngamia wake kisha amtegemee Allah. Sayyidna Umar (R.A.) aliposikia tauni imeingia Sham alirudi njiani, na alipoulizwa kama anaikimbia qadar, alijibu kwamba anatoka katika qadar ya Allah kwenda katika qadar ya Allah. Hata mahujaji wetu huchanjwa homa ya uti wa mgongo kabla ya safari, kwa kuwa Saudi Arabia imelifanya sharti. Hatujasikia mtu akisema Hija yao imepungukiwa na tawakkul.

TUFANYE NINI?

1. Mama na baba washauriane, kisha wamweleze binti. Asichomwe akiwa hajui sababu, wala asifichwe nyumbani bila sababu.

2. Muulizeni mhudumu wa zahanati. Mwambieni kama binti ana mzio, ana homa kali au ni mjamzito. Maumivu ya mkono, homa ndogo na kizunguzungu hutokea, hivyo akae dakika 15 kabla ya kuondoka.

3. Akina mama wa miaka 30 hadi 50 wasisahau kupimwa. Chanjo ya binti haimkingi mama.

4. Vijana, wavulana na wasichana, waliozaliwa kabla ya mwaka 2002 waulizie kupima na kuchanjwa homa ya ini B, kwani wengi wao hawakuipata chanjo hiyo utotoni. Ugonjwa huu hupita katika damu, hivyo tusichangie nyembe, wala za kunyolea wala za kuumika.

Afya ni amana, na watoto ni amana. Siku ya Kiyama tutaulizwa juu ya vyote viwili. Tunamuomba Allah (S.W.) awalinde mabinti zetu, awaponye wagonjwa wetu na atuongoze katika lililo jema. Amin.

Wabillahi tawfiq.