Je, Wajua? Kwa Nini Sodiamu Huandikwa Na

Katika mashamba ya chumvi ya Nunge, Bagamoyo, maji ya bahari huachwa kwenye mabwawa mapana, jua likayakausha. Chembe nyeupe zinazobaki ni sodiamu iliyoungana na klorini. Lakini mwanafunzi wa Msata akifungua jedwali la elementi anakuta sodiamu imeandikwa Na, ilhali herufi N haimo kabisa katika jina hilo.

Asili ya alama hiyo ni magadi, yaleyale ya kulainishia maharage na makande. Wamisri wa kale waliyatumia kukaushia maiti za wafalme wao. Waarabu wakayaita natruni, na kutokana na neno hilo wanakemia wa Ulaya wakapata natrium, ambalo Wajerumani wanalitumia hadi leo. Warusi husema natriy. Mwingereza Humphry Davy alipoitenga elementi hiyo mwaka 1807, kwa kupitisha umeme kwenye soda kali, aliiita sodium. Jina lake likashika Uingereza na Ufaransa. Alama ikabaki ya upande wa pili.

Afrika Mashariki inayo majina yote mawili ya kale, natruni na magadi, kwenye ramani, tena jirani. Ukitoka Msata kwa barabara ya kaskazini hadi Arusha, kisha ukaelekea mpakani, utafika Ziwa Natron, lenye magadi tele. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, kuna ziwa jingine la namna hiyohiyo. Linaitwa Magadi.